Mapambo Yaliyobaki Bila Ukurasa

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Tarehe 9 Machi,
Mwaka wa thelathini na saba tangu niondoke.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi hatujambo kwa kiasi cha umri wetu. Macho yangu yanatosha kwa herufi kubwa, ndogo nazikisia. Kifua cha wifi yako kiko vilevile. Ngazi anazipanda kwa vituo, na daktari wa mapafu amerudia neno lake kwamba habari ya ndege aisahau kabisa. Analisema kwa upole, na wifi yako anamjibu kwa upole, kisha tukifika nje anamsema hadi tunaingia ndani.

Barua yako niliipata. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama nitaandamana na binti yetu mwezi ujao atakapokuja kukutembelea. La pili, kama ile albamu ya familia atakayokuletea nitaiachia ukurasa wa mwisho mtupu, ili siku nitakapofika tubandike picha yetu wawili, tumesimama mlangoni kwa wazazi. Nitakujibu yote mawili. Ila nivumilie kwanza, maana nina hasira, na mwenye hasira hajibu vizuri kabla hajautua mzigo wake.

Hasira yangu ni ya vifungo.

Nikueleze. Albamu za siku hizi hazitengenezwi kwa gundi na mkasi. Unakaa mbele ya kompyuta, unaweka picha kwenye ukurasa ulio ndani ya kioo, halafu unaipamba: karatasi ya maua kwa nyuma, fremu, riboni pembeni, na kifungo kimoja kwenye kona kana kwamba picha itashikwa na baridi ikiachwa wazi. Vyote hivyo ni picha tu. Riboni haifungi kitu, kifungo hakifunguki. Ukimaliza, mchapaji anakuchapia kitabu. Kazi yenyewe ni nzuri, sikatai, na wifi yako ana mkono. Kurasa zake zimenifanya nizitazame upya sura za watu wetu nilizodhani nazijua.

Shida ni ghala. Huko mtandaoni kuna watu wanaogawa mapambo haya furushi kwa furushi, mengi yake bure, na wifi yako, tangu mapafu yamfungie ndani, hajawahi kuliacha furushi la bure lipite. Ana riboni za kuufunga mji huu mzima kama zawadi. Ana vifungo vya kushonea makoti ya jeshi. Ana bata waliovaa kofia. Nilimuuliza ni nani katika ukoo wetu anayehitaji bata mwenye kofia. Alinitazama kichwani, nami nilikuwa nimevaa kofia, tukaishia hapo.

Na majina anayoyapa. Kuna faili inaitwa "karatasi mpya", nyingine "karatasi mpya kweli", na ya tatu "karatasi mpya hii ndiyo". Folda zake hazikupangwa kwa aina wala kwa rangi. Zimepangwa kwa watu. Kuna "Za wifi", ambazo ni zako. Kuna "Za Mama Mkubwa". Kuna "Za yule aliyenuna harusini", na sisi sote tunamjua. Kuna moja inaitwa "Sijui", nayo ni pana kuliko sebule yetu.

Halafu kuna "Kurudi". Humo mna masanduku ya safari, ndege, tiketi zisizo na jina, ramani zisizo na nchi, na mlango wa mbao uliochorwa wazi. Amekuwa akiijaza folda hiyo miaka yote kwa ajili ya ukurasa huohuo unaouulizia. Hakunificha, nami sikumuuliza. Daktari alipomkataza ndege nilidhani ataacha. Wiki ileile aliongeza masanduku matatu ya ngozi.

"Mimi siendi, wewe unakwenda," aliniambia. "Sanduku halichagui wa kulibeba."

Basi mwezi uliopita kompyuta ikagoma. Ikasema imejaa, haina nafasi hata ya kifungo kimoja, na hapo kurasa sita za albamu zilikuwa bado. Nikampigia simu binti yetu kazini, huko hospitali, akiwa katikati ya zamu.

"Baba, panga kwa rangi tu. Vinavyojirudia ufute."

"Kifungo cha madoadoa kinakaa rangi gani?"

"Kiweke popote, baba."

"Popote ndipo kilipo sasa."

Akasema ana mgonjwa, akakata. Sidhani kama alikuwa na mgonjwa.

Nilipendekeza tufute "Kurudi", kwa kuwa ndiyo peke yake isiyotumika hata kwenye ukurasa mmoja. Wifi yako hakupandisha sauti. Alisema, "Iguse uone," kisha akaendelea kukunja nguo. Sikuigusa. Mtu huishi muda mrefu kwa kujua vitu vya kutogusa.

Lakini unaikumbuka kazi yangu ya ujana kwenye kiwanda cha uchapaji, mdogo wangu. Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi na vidole vyeusi, na mama akininyima kushika mkate. Mpanga herufi ana sheria moja: ukurasa ukishachapwa, unauvunja. Unaosha herufi, kisha unarudisha kila moja kwenye kijumba chake, a kwa a, b kwa b, nukta na nukta wenzake, ili ukurasa wa kesho upate herufi. Fundi wetu mkuu alikuwa akisema ukurasa unaoachwa umesimama baada ya kazi ni uvivu uliopangwa mistari. Kanuni hiyo imeniongoza maisha yote, na nilipoliona lile ghala la wifi yako nikajua dawa yake.

Asubuhi moja binti alimpeleka mama yake kliniki. Nikaketi. Nilizifungua folda zote, hata "Kurudi", kwa maana kupanga si kufuta. Nikavunja kila furushi. Riboni zote nikaziweka kwa riboni, fremu kwa fremu, vifungo kwa vifungo, na kila kimoja nikakipa namba safi. Vilivyojirudia nikavitupa, na nafasi ikapatikana tele. Kufikia adhuhuri kioo kilikuwa kama kasha la herufi asubuhi ya Jumatatu. Nilijitengenezea chai, nikaketi nikikitazama. Nakwambia ukweli, nilifurahi.

Halafu nikafungua albamu.

Kurasa zote zilikuwa na picha zetu, lakini kila palipokuwa na riboni, fremu au ua palikuwa na kisanduku cha kijivu chenye alama ya mkasi, na chini yake maneno: hakipatikani mahali pake. Ukurasa wako. Wa Mama Mkubwa. Wa baba na baiskeli yake. Kitabu kizima kilikuwa kama nyumba iliyong'olewa madirisha.

Binti ndiye aliyenieleza, akiwa bado hajavua viatu. Kumbe ukurasa wa kompyuta haubebi riboni yenyewe. Unabeba anwani tu ya pale riboni inapokaa, na kila ukifunguliwa unakwenda kuiita. Ukihamisha riboni, ukurasa unaita nyumba tupu. Hakuna aliyeniambia. Kwenye kiwanda chetu karatasi iliyochapwa ilikuwa imechapwa. Herufi zingeweza kuyeyushwa, nayo isingejali.

"Ulitengeneza nakala ya akiba kabla ya kuanza?" binti akauliza.

"Ya kuweka wapi? Nafasi si ndiyo haikuwepo."

Wifi yako alikaa kwenye kiti akazipitia kurasa moja baada ya nyingine hadi mwisho. Nilingoja maneno makali, nilikuwa hata na majibu yake. Alisema kitu kimoja tu, huku akitafuta pumzi: "Umehamisha mtaa mzima bila kumwachia mtu anwani."

Nikavuta kiti, nikaketi kando yake.

Wiki tatu tumekaa bega kwa bega tukiunganisha upya. Yeye anataja, mimi natafuta. "Riboni ya kijivu, ya Mama Mkubwa, ile yenye uzi uliochomoka." Nami nafungua riboni, na riboni zangu, kwa usafi wangu, zinaitwa moja, mbili, tatu, hadi zaidi ya mia nane. Hapo ndipo nilipoanza kuichukia namba. Jina "hii ndiyo" lina kasoro zake, lakini angalau linakuambia kwamba kuna mtu aliwahi kuamua.

Usidhani alikumbuka yote. Tumegombana kama watoto. Kwenye ukurasa wa Mjomba Kidole yeye alisema palikuwa na fremu ya shaba, mimi nikasema ya mbao, na mwishowe tumempa ya waridi kwa kukosa suluhu. Ukimwona ndani ya albamu na fremu hiyo, usicheke mbele yake. Mwambie ndiyo mtindo wa huku.

Juzi tukamaliza. Kila kisanduku cha kijivu kilikuwa kimepata mwenyewe. Nikashusha pumzi, nikataka kuzima mashine, lakini wifi yako akaniambia nitazame kwanza vilivyobaki. Nikatazama. Mapambo ambayo hakuna ukurasa hata mmoja uliyaita yalikuwa masanduku, ndege, tiketi, ramani na ule mlango wa mbao.

"Hivi tuvirudishe wapi?" akaniuliza.

Mbele yetu palikuwa na picha uliyotutumia kwa ajili ya ukurasa wa mwisho. Umesimama mlangoni kwa wazazi, umevaa vizuri, lakini hukusimama katikati. Umesogea kushoto, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi kwenye benchi. Wifi yako akasema niende na binti, mwezi mmoja si mwaka, yeye atajimudu, jirani atampelekea mahitaji hadi juu. Alisema vizuri sana. Akakohoa katikati ya kusema, akasubiri kikohozi kipite, akamalizia sentensi pale pale alipoiachia.

Nikamwambia hapana. Hakushangaa. Akavuta kibodi kwake, akakusanya yale masanduku na ndege yote kwenye folda moja tena, na mahali pa jina la zamani akaandika "Za binti". Akasema atamtengenezea ukurasa wake wa safari akirudi kutoka kwako, kwa hiyo mwambie apige picha za kutosha, na asipige vyakula tu.

Mchapaji anataka kazi Ijumaa. Binti atakuja nayo ikiwa imefungwa kwa plastiki. Ichukue kwa mikono mikavu.

Nisalimie shemeji, umwambie kwamba picha yake na ile pikipiki ya kuazima imepewa ukurasa mzima, kwa hiyo asinilalamikie tena. Nisalimie Mama Mkubwa, na uisome barua hii karibu na sikio lake zuri. Nisalimie Mjomba Kidole bila kutaja fremu. Wajukuu wako wote wabusu kwa niaba yangu, hata yule anayeng'ata. Mungu akulindie nyumba hiyo na wote wanaoingia na kutoka kwa mlango wake, akupe usingizi mtamu na magoti mepesi.

Sasa majibu, maana hasira imekwisha.

Ukurasa wa mwisho si mtupu. Picha yako ya mlangoni iko pale peke yake, bila riboni, bila kifungo. Wifi yako alitaka kuweka maua kwenye ile nafasi uliyoiacha kulia kwako, nikamwomba asiweke. Kiwandani kwetu nafasi tupu nayo ilikuwa kipande cha madini ya risasi, na ilipangwa kwa mkono kama herufi nyingine. Mpanga herufi akiiacha pana, ujue ameipima. Kwa hiyo usitafute gundi, mdogo wangu. Ukurasa huo umekamilika.

Niliondoka na begi moja nikakuambia miezi sita. Tangu hapo kila mwaka umekuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli: mara karatasi za ruhusa, mara watoto shule, mara mgongo, sasa kifua cha wifi yako. Ukiniuliza mwakani, ngazi za hapa zitakuwa zilezile, naye atahitaji mtu wa kusimama naye kwenye vituo. Mtu huyo ni mimi, na sitaki awe mwingine. Sipendi uendelee kusimama pembeni ya mlango wako mwenyewe kwa ajili yangu. Simama katikati.

Binti anakuja. Mimi sitarudi.

Akupendaye, huku na huko,
Kaka yako.