Gitaa Lako la Mfenesi Limekauka

Mtani wangu Bakari,

Huku Chuno hatujambo. Najua ungeuliza habari za gitaa kwanza na afya yangu baadaye, kwa hiyo naanzia hapo. Limekauka tangu juzi, linang'aa, na inzi akitua anateleza.

Sijui kama uliniona siku ile ya kukuzika. Nilitumia haki yangu ya utani, nikaling'ang'ania tumbo la gitaa uliloliacha bila rangi, nikatangaza kwamba marehemu alikuwa mchoyo na sasa kila chake ni changu. Watu wakacheka katikati ya vilio. Mkeo, Mama Zuhura, hakucheka. Baadaye aliniita pembeni akasema nilichukue kweli, maana hawezi kukaa nyumba moja na ubao mtupu namna ile. Nilitie rangi. Likimkaa moyoni atalipokea, lisipomkaa litakwenda jikoni na kuni nyingine.

Basi nimefanya kazi, bwana. Nimesugua kwa msasa nikifuata nyuzi za ubao, maana bado nakusikia ukinifokea, "Unakwangua ukoko?" Nimechemsha magome ya mkoko mpaka maji yakawa mekundu sawasawa, nikapaka kwa kitambaa yangali ya moto. Rangi ikaingia vizuri kila mahali isipokuwa ubavuni. Pale paligoma. Nikapaka tena, pakagoma. Nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaona kiganja. Vidole vyote vimetandaa, na kile chako cha kati kilichopinda.

Nilikutukana, wallahi. Mara ngapi nilikukataza kushika mbao ukitoka kula samaki wa kukaanga? Nawe ukijibu huku unalamba vidole, "Mafuta ni chakula cha ubao." Haya, ubao umeshiba, umekataa rangi.

Nikachukua msasa nipasugue, maana fundi hapaki vanishi juu ya doa. Wakati huo Mama Zuhura alikuwa amekuja kuchungulia, akauliza pana nini. Nikamwonyesha. Aliweka kiganja chake juu ya chako, akatulia hivyo, mpaka mimi nikatoka kwenda uani nikajifanya natafuta kitambaa. Niliporudi aliniambia, "Shemeji, usipaguse."

Sikupagusa. Nimepaka vanishi mkono juu ya mkono, nikingoja kila mmoja ukauke, nikifukuza kuku wasitimue vumbi. Sasa wewe na mafuta yako mmefungiwa humo ndani.

Mkeo amelipokea. Amelitundika sebuleni, ule ubavu ukitazama mlango. Jana nilipita nikamkuta anabangua korosho huku anaimba kidogo kidogo. Nikafurahi, nikapita zangu bila kubisha hodi. Mimi mwenyewe sijambo, ila nakukosa. Nina maneno mabaya mengi na sina wa kumwambia.

Pumzika, Bakari. Mungu akupe nafasi huko uliko. Nakuahidi jambo moja: nitalitia nyuzi gitaa lako, nitapiga ule wimbo uliokuwa ukiuringia, na nitaupiga vibaya makusudi. Kama ipo njia ya kukufanya urudi, hata ndotoni, uje uninyang'anye gitaa, basi ni hiyo.

Mtani wako,
Issa