Wimbo wa Kukamulia

Jumapili, mwezi wa saba. Mlima umejifunika tangu alfajiri na baridi yetu hii ya Arusha inapenya hadi kwenye mifupa. Nimerudi kanisani, nimevua viatu, nimejifunga kitenge juu ya sweta. Naandika kabla sijabandika sufuria jikoni, maana nikishaanza kupika nitasahau.

Nianze na Tunu ili mnielewe. Tunu ni ng'ombe wetu, tunaye huyo mmoja tu, hapa nyuma ya nyumba Moshono. Alizaa mwanzoni mwa mwezi, ndama akafa hata jina hatujampa. Tangu hapo amezuia maziwa. Kiwele kimejaa, lakini ukigusa chuchu anarusha teke, na ukibahatika unapata ya kutia kwenye chai ya mtu mmoja. Bwana mifugo alikuja akamchoma sindano. Maziwa yakashuka siku ile, kesho yake tukarudi palepale. Baba Elia, mume wangu, alivumilia mpaka akachoka, akapatana na mchinjaji aje Jumatatu asubuhi.

Jumatatu ndiyo kesho.

Sikubishana naye. Msimu huu majani tunanunua, na ng'ombe asiyekamulika anakula kama anayekamulika. Lakini moyo ulikuwa umegoma.

Basi jana mchana jirani yangu Mama Rehema, ambaye kwao ni Tanga na anakaanga sambusa kuliko mtu yeyote ninayemjua, alipata kazi kwenye bustani ya hoteli moja ndogo huku juu. Akaniomba nikamsaidie. Kuna wageni wametoka Uskoti, wanapiga muziki wa kwao palepale kwenye nyasi, na hakuna kiingilio. Nikaenda. Kusema ukweli nilitaka tu nisikae nyumbani nikimtazama Tunu.

Wapendwa, sijawahi kusikia kitu cha namna ile.

Walikuwa wanaume wawili wenye violini na mama mmoja mwimbaji, mtu wa makamo kama mimi, nywele zimeingia mvi na wala hajazipaka rangi. Mama Rehema alipoona zile violini akaacha mafuta yachemke: "Fidla hizo! Kwetu kwenye taarabu zipo." Lakini walipoanza akatulia, kwa sababu hazikulia kitaarabu. Zilikimbizana. Mmoja hakuiweka hata kidevuni, aliiegemeza kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na mguu wake ndio ulikuwa ngoma. Hakuna karatasi ya noti mbele yao. Nikajiuliza wanajuaje mahali pa kugeukia wote kwa pamoja? Sisi kwaya yetu tuna mwalimu anatupungia mikono na bado tunapotezana.

Kisha violini zikanyamaza. Yule mama akaketi kwenye kiti, akafumba macho, akaimba peke yake.

Sauti yake ilikuwa ya chini, inapanda kidogo na kurudi, inapanda na kurudi. Lugha yenyewe haikuwa Kiingereza, hilo hata mimi niliweza kujua. Nikasema moyoni, huyu anaomba. Nikaweka sinia chini, nikainamisha kichwa na kufumba macho. Mama Rehema naye akaacha jiko, akasimama na viganja wazi. Akina mama kadhaa wa kwaya ya jirani waliokuwa kwenye nyasi wakatuona, nao wakainama. Nilimwombea kila mtu wangu. Tunu pia, Mungu anisamehe kama haifai.

Wimbo ulipokwisha tukaitikia kwa sauti: "Amina!"

Wageni wote wakageuka.

Mwongoza watalii mmoja, Mmeru, ndiye aliyekuwa anatafsiri. Akachukua kipaza sauti huku anauma mdomo asicheke. "Akina mama, asanteni. Ila huu ni wimbo wa kukamulia ng'ombe."

Bustani nzima ilicheka. Mama Rehema akanifinya: "Haya, Mlutheri, umenisimamisha nimwombee ng'ombe wa Ulaya!"

Aibu niliisikia, ndiyo. Lakini udadisi ulinizidi. Walipopumzika nikapeleka sambusa mwenyewe kwa yule mama, nikamwomba mwongoza watalii aniulizie: maneno yanasemaje? Wakaongea muda. Kisha akaniambia, "Anamwambia ng'ombe pole. Sasa sijui ni pole ya msiba au ni polepole, yaani tulia. Yeye ametaja neno moja tu la Kiingereza, mimi nimeliweka hivyo."

Nikauliza tena, je, ng'ombe anaelewa? Yule mama akacheka, akasema hajui, ila bibi yake alikuwa haanzi kukamua kabla hajaimba.

Nilirudi nyumbani, nikamsimulia Baba Elia ya bustanini, lakini nikabaki na lile neno. Pole ya msiba.

Ndama alipokufa, watu walikuja hapa. Jumuiya ilikuja, Mama Rehema alileta uji. Wote walinipa pole mimi, na Baba Elia wakampa mkono. Aliyefiwa alikuwa bandani, na hakuna aliyemwambia chochote. Mimi mwenyewe nilimwendea na ndoo.

Jioni nikaingia bandani. Nilianza na pambio, na kwa mazoea nikatoa soprano yote. Tunu akapiga ndoo teke ikagonga ukuta. Ng'ambo ya ua nikamsikia Mama Rehema, "Mama Elia, unamkamua au unamfukuza?"

Nikanyamaza. Nikaweka paji la uso kwenye ubavu wake, nikaufuata ule wimbo wa chini kadiri nilivyoukumbuka, unapanda kidogo na kurudi. Maneno yao sikuwa nayo. Nikatia yetu: pole Tunu, pole mama, pole na mwanao. Hivyo hivyo, bila kushika chuchu, hadi nikaona ameanza kucheua.

Ndipo nikashika. Maziwa yakashuka.

Hayakujaza ndoo, nisiwadanganye. Lakini yalikuja yenyewe, na mguu haukuinuka. Leo asubuhi yakaongezeka kidogo. Nilipogeuka nikamwona Baba Elia mlangoni pa banda, ameshavaa koti la kanisani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Huyo Mzungu," akaniuliza, "wimbo wake una ubeti mmoja tu?"

Nikamwambia mmoja ndio nilioukumbuka. Akaguna. Akatoa simu, akapiga, akaongea akitazama mlima ambao hata hauonekani.

"Bwana, kesho usije. Hapana, si bei... Tuna msiba hapa nyumbani."

Nikamsikia mchinjaji upande wa pili akitoa pole nyingi, anauliza ni nani, mazishi lini. Baba Elia akasema ni mtoto, tumeshazika. Akakata simu, akaniambia tutachelewa ibada.

Baba Elia ni mzee wa kanisa. Alikaa benchi la mbele, akasimama kusoma matangazo kwa sauti yake ileile, na mimi kwenye kwaya nikakosa kuingia mahali pangu mara mbili, kwa sababu ibada nzima nilikuwa najiuliza kitu kimoja: je, mume wangu amesema uongo?

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, bado najiuliza. Mimi naona hajasema.