Muuza Viatu wa Gulio la Jumamosi

6 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini mgongo umepoa na barua hii inakukuta umekaa. Mimi mzima, ila baridi. Masomo ya kutunza kumbukumbu ni magumu kuliko walivyotuambia masjala waliponileta huku ugenini.

Jana nilikwenda gulio la Jumamosi, nyuma ya hosteli yetu, kutafuta koti la mtumba. Mama, sentensi hii nimeifuta mara tatu: nimemwona Kaka. Yule yule tuliyezika shati lake baada ya mgodi kuporomoka. Anauza viatu. Alikuwa ameshika kimoja sikioni kama simu, anawachekesha wateja. Niliogopa, nikajificha nyuma ya marobota. Nifanye nini?

Mwanao, kitinda mimba

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Watu hufanana. Matanga tumeshaanua, mwaka wa nne huu, na wewe ulilia mpaka ukatapika. Usitufukulie kaburi. Koti tafuta dukani, gulioni usirudi.

Mama yako

10 Aprili

Shikamoo Mama,

Unaendeleaje? Nisamehe, nilirudi. Nilitaka kuhakikisha tu.

Aliniona kabla sijafungua mdomo. "Karani wa Mama! Bado unajikojolea?" Akanishika mkono, akicheka, mpaka vidole vikafa ganzi. Anasema alitoroka mgodini wiki moja kabla ya ajali. Alikuandikia barua mbili, hukujibu, kwa hiyo anaona zilipotea njiani. Mwisho wa mwezi ujao anakuja. "Mwambie Mama anisubiri. Na yule mke wangu ajiandae."

Sikujua nicheke au vipi. Nijibu haraka, Mama.

Mwanao

27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nakujibu leo leo. Barua zake zilifika. Nilizisoma, nikawashia moto wa chai.

Ulikuwa shule ya bweni, hukuona. Mkono wa shemeji yako haukuvunjwa na ngazi, na ile mimba ya kwanza haikutoka yenyewe. Nilikuwa nasikia ukutani, nikaongeza sauti ya redio, kwa kuwa aliyekuwa akipiga ni mwanangu. Sasa ameolewa na fundi cherehani, mtu mpole mpaka anaudhi, na mtoto wao ananiita bibi. Redio siongezi tena.

Mwambie nimekufa. Nyumba imeuzwa, mkewe amehama, hakuna ajuaye wapi. Ukishindwa, usiniite mama.

Mama yako

15 Mei

Shikamoo Mama,

Naona aibu kukujulia hali baada ya nililolifanya.

Kusema kwa mdomo nilishindwa. Niliandika taarifa ya msiba, kama tunavyoandika masjala: tarehe, chanzo cha kifo, habari za nyumba na mkewe. Kwa woga nikaweka na namba ya kumbukumbu juu kulia. Nadhani namba ile ndiyo iliyomfanya aamini. Jumamosi ya wiki iliyopita nilimpa mkononi. Aliisoma akifuata kwa kidole. Mteja akamwuliza kama ana saizi arobaini na mbili, akampa arobaini, na yule akaondoka nayo.

Kisha akaniuliza, "Aliniulizia?"

Nikasema hapana. Hilo hukunituma, Mama. Lilinitoka.

Alikunja turubai saa nne asubuhi, soko likiwa limefurika. Jana hakuwepo. Pale pake amekaa mwanamke wa vitunguu, na anasema mwenyewe amemwambia waziwazi kwamba harudi. Alimwachia hata meza.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Bado nakuita. Umefanya vizuri. Shemeji yako hajui lolote na hatajua. Jana alikuja kunikanda mgongo.

Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Umeandika alisoma, umeandika aliuliza, umeandika alikunja turubai. Umekumbuka mpaka saizi ya kiatu. Karani mzima, hukuandika kama alilia.

Niandikie hilo tu.

Mama yenu