Mpamba wa Kwenye Kona

Shikamoo Baba,

Nakuandikia kutoka Bujumbura, vidole bado vinanuka mukeke, samaki wa kuchoma wa huku. Mtamu, we acha tu! Asubuhi mtaalamu wa mbegu, mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi, alituonyesha sisi wa mafunzo shamba la pamba ambako wanafukia kwa makusudi mashina yaliyokufa kwa mnyauko, ili ugonjwa ujae udongoni. Nikamwambia sisi kwetu tunang'oa na kuchoma. Akacheka: "Mi naua shamba nzima, dada. Yenye inabaki njo ya kutoa mbegu. Watoto yake watarithi ile nguvu."

Nikaukumbuka mpamba wetu uliobaki peke yake kwenye kona ya mnyauko, ule niliokusumbua uung'oe.

Msalimie Mama. Na wewe Baba, naomba Mungu uwe umenipuuza kama kawaida yako.

Binti yako mjuaji,
Nyamizi