Wifi, Kaka Yako Anaandika Tena

Nyumba ya tatu kutoka kwa fundi viatu,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo? Goti lako linasemaje na hiyo baridi yenu? Mumeo na watoto wazima? Sisi huku tunapumua. Mimi nina presha yangu ile ile, tumeshazoeana kama majirani. Binti yetu mkubwa huja kila Jumamosi kunisaidia kufua. Kaka yako mwili wake mzima na chakula anakula. Hilo nimelitanguliza makusudi, maana ninayokuandikia si mepesi.

Juzi ulinilaumu kwamba nakujibu kwa mkato kwenye simu. Wifi, alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Mambo mengine hayasemeki mwenyewe akisikia, hata kama atayasahau kabla chai haijapoa. Ndiyo maana nimeona niandike.

Unajua alivyokuwa. Miaka thelathini na moja ya ukarani wa shule, na alipostaafu akaihamishia ofisi barazani: meza, kompyuta, printa, na kibao cha BARUA ZA AINA ZOTE. Watu walikuja kuandikiwa maombi ya kazi, malalamiko ya maji, hata barua za kumrudisha mke aliyenuna. Ugonjwa huu wa kusahau ulipomwingia, hakuiacha meza. Majina ya majirani yalimtoka, lakini vidole vilikumbuka kila herufi ilipo. Wateja walipungua na yeye hakujua. Alinakili barua zake za zamani asubuhi nzima, akatulia.

Mwezi wa pili kompyuta ile ikafa. Ilitoa harufu ya waya unaoungua, moshi kidogo, basi. Nikadhani ni jambo dogo, kumbe chombo kile ndicho kilichokuwa kinamshika nyumbani. Siku ya tatu alivaa shati jeupe akatoka kwenda “kazini”. Tulimkuta mchana kwenye geti la shule, anabishana na mlinzi kuhusu funguo za ofisi, mguu mmoja kiatu chake, mwingine kandambili yangu. Watu walicheka. Na mimi nikacheka nao, ili nisilie. Akatoka tena mara nne. Nikawa nafunga mlango kwa ufunguo, naye anaugonga kutoka ndani akiniita, “Mlinzi! Fungua!” Nikadhani ni hasira tu.

Nikaenda dukani kutafuta kompyuta mpya. Muuzaji alinionyesha moja nyembamba kama sahani, akaisifia hadi jasho likamtoka. Nilipouliza programu ya kuandikia barua, akasema hiyo ni kando: inalipiwa kila mwaka, usipolipa inajifunga. Halafu inataka nenosiri. Mtu anayesahau jina la mwanawe wa kumzaa, nenosiri atalitoa wapi?

Nikainunua kompyuta, na programu nikachukua ile ya kujaribia mwezi mmoja. Tukamketisha. Wifi, kila kitu kilikuwa kimehama. Alitafuta neno “Faili” pale lilipokuwa likikaa, akakuta utepe wa picha picha na matangazo yanayochomoza. Akapeleka mkono huku, akaurudisha. Akasema, “Hii si meza yangu,” kisha akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku tulipomzika baba yenu.

Muuzaji alipoona nimerudi nayo dukani, mdomo umenishuka, akaninong'oneza kwamba anaweza kuniwekea programu ya zamani, nakala ya wizi. Nikakataa. Kaka yako aliwahi kumfukuza mteja aliyetaka cheti cha kughushi, akamrushia na karatasi zake barabarani. Nisingeweza kumwekea cha wizi mezani kwa kuwa tu hawezi tena kujua.

Binti yetu ndiye aliyenipeleka kwa fundi mmoja wa kompyuta, mwanamke, kibanda chake kipo ubavuni mwa duka la dawa. Watu wanamwita Bisibisi, kwa sababu daima ana moja nyuma ya sikio kama seremala na penseli. Akaniambia zipo programu za bure kabisa, za halali. Nikamjibu, rahisi ghali, mwanangu. Akacheka.

“Mama, hizi zimetengenezwa na watu wengi waliokubaliana zitumiwe na yeyote. Ni kama kisima cha mtaa. Unachota, na ukijua kukisafisha, unakisafisha.”

Kisha akaniuliza jambo ambalo dukani hakuna aliyeniuliza: “Mzee amezoea kuona nini mbele yake?”

Nikafumba macho nikamweleza. Maneno juu, yamepangwa mstari mmoja. Chini yake vipicha vidogo vidogo, karatasi nyeupe katikati. Ya kwanza aliyoijaribu iliweka kila kitu pembeni. Ya pili haikufanya kazi bila intaneti, na intaneti yetu unaijua, huja kama mgeni mwenye maringo. Ya tatu aliibofyabofya, akaondoa vilivyozidi, akakuza maandishi, na ghafla nikaona baraza langu la miaka yote. Akaifungua na ile kompyuta iliyokufa, akachomoa diski yake. Barua zote zilikuwamo, elfu mbili mia sita na kitu. Nyingine mistari ilikuwa imepinda, lakini zilisomeka.

Jumatano moja asubuhi, mwishoni mwa mwezi uliopita, tukamketisha tena. Mimi nilisimama mlangoni na taulo mkononi, sijui hata nililichukulia nini. Akakitazama kioo muda mrefu. Halafu mkono ukaenda wenyewe: Faili, Mpya. Akaandika tarehe ya miaka kumi na minane iliyopita. Mabega yakamshuka, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nikasema, Mungu, ahsante.

Akageuka, akaniona. Akanivutia kiti.

“Karibu, mama. Keti. Nikuandikie barua kwenda kwa nani?”

Nikadhani ni utani wake. Nikamwangalia machoni nitafute kile kicheko anachokificha. Hakikuwamo. Ile programu ameitambua, wifi. Mimi hakunitambua. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, na ananingoja kwa adabu, kama anavyomngoja mteja mgeni.

Nikaketi. Ningefanya nini? Nikasema, “Nataka kumwandikia mume wangu.”

“Yuko mbali?”

“Ameanza kwenda mbali.”

Akatikisa kichwa kwa huruma. “Sema polepole. Maneno nitayapanga mimi.”

Basi nikasema. Kwamba paa halivuji tena. Kwamba mjukuu ameota meno mawili. Kwamba simlaumu kwa kuniacha. Hapo alinisimamisha: “Tuandike ‘sina kinyongo nawe’. Inakaa vizuri zaidi.” Akachapisha, akaikunja mara tatu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Usiwe na wasiwasi, mama. Mtu akiandikiwa hivi, hurudi.”

Tangu hapo hatoki tena nyumbani na mlango siufungi. Kila asubuhi mimi ndiye mteja wake wa kwanza na wa mwisho. Barua zimefika kumi na tisa, nimezitia kwenye droo ya shuka. Siku mbili tatu jina langu lilimrudia akiwa anakula, akaliita, kisha likapotea. Daktari anasema nisitegemee litabaki.

Wifi, fanya uje. Usisubiri likizo ndefu. Na ukija, usimwambie kwamba wewe ni dada yake, atahangaika kukutafuta kichwani na hatakupata. Keti tu kwenye kile kiti, umtajie mtu unayetaka kumwandikia. Atakuandikia vizuri.

Nisalimie sana mumeo. Watoto waambie mke wa mjomba wao anawakumbuka kila mmoja kwa zamu yake. Msalimie na mama mkwe wako, nasikia macho yamepona. Binti yetu anakusalimu, na Bisibisi naye, ingawa hamjuani.

Mungu akulinde njiani na akufikishe kaka yako angali anaandika.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja.