Salma Afunzwa Asifoke

Jumanne, baada ya Isha, 1996

Ati daktari mzima wa watoto, anayefundisha madaktari wenziwe, arejeshwe skuli kufunzwa asiwafokee wanafunzi. Mjukuu wangu Salma nilimlea kwa kufoka, na daktari akawa.

Kesho wakubwa wake watamtazama akifundisha. Akishindwa, atanyang'anywa wanafunzi. Leo jioni, ili ajizoeze, akanifanya mimi mwanafunzi.

"Bibi, mtoto anaharisha. Utafanyaje?"

Nikamjibu upuuzi makusudi. "Nitamnyima maji."

Mshipa wa shingo ukamsimama. Nikangoja kufokewa. Akameza mate, akauliza taratibu, "Kwa nini, bibi?"

Basi kesho atapita. Moyo umenitua.

Lakini katika nyumba hii wa kufoka sasa nimebaki mimi peke yangu, na kifua chenyewe ndicho hiki cha kizee, pumzi hakina.