Siku Sitini na Moja

4 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na cherehani haijaanza tena kula uzi. Mimi mzima, niko palepale mapokezi kwa daktari wa meno, nasikiliza watu wazima wakilia kabla hata hawajaguswa.

Nina jambo. Nimeomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, saikolojia. Najua utasema, "Kwani ile moja haijakutosha?" Haijanitosha, mama. Fomu nimejaza, takwimu nimeanza kujikumbusha, kitabu nakificha chini ya daftari la miadi. Kimebaki kitu kimoja tu: barua ya mapendekezo kutoka kwa Mwalimu Mkuu wangu wa zamani. Nimempigia, akasema hamwandikii mtu barua kabla hajasoma alivyojieleza mwenyewe, tena kwenye karatasi, si kwenye simu. Unamjua, ni yuleyule. Na kwa kuwa wewe ndiye unayempelekea sare za shule, nimeweka bahasha yake ndani ya hii. Mpe mkononi. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31. Barua yake ikikosekana, basi tena, mpaka mwakani.

Usijisumbue kuifungua. Ni mambo ya shule tu, yatakuchosha.

Mwanao,
Kifungo

12 Mei

Kifungo,

Marahaba. Mgongo upo, cherehani ipo.

Bahasha yako ililowa. Niliitia kwenye mfuko wa sare, mvua ikanikuta njiani, nikarudi nayo nyumbani. Unanijua, sijawahi kumkabidhi mtu kitu chenye makunyanzi. Karatasi zangu za kukatia zikilowa nazitandaza, naweka kitambaa juu, napitisha pasi ya moto mdogo. Na zako nilizifanya hivyohivyo. Sikufungua kwa umbea.

Mstari wa kwanza tu: "Nilianza kuijua saikolojia nikiwa na miaka tisa, mama yangu alipolazwa wodi ya wagonjwa wa akili na familia nzima ikadanganya." Nikazima pasi.

Hivi mwanangu, nilikukosea nini? Miaka kumi na saba nasema nilikwenda kumuuguza mama mdogo. Mtaa umeamini. Nilidhani na wewe umeamini, kumbe umeiweka akiba unasubiri wa kumpa! Kwamba niliacha kula, kwamba nilikuwa natazama ukuta kutwa, mpaka nywele zangu zilivyokuwa, yote umeyamwaga. Na umemwagia nani? Mtu anayenipa kazi mwaka mzima! Kurasa mbili, nimezisoma mara tatu, na hakuna mahali ulipoandika kuwa mama yako ni fundi.

Sijui kama nitaipeleka. Usiniharakishe.

Mama yako

18 Mei

Mama,

Shikamoo. Leo naona haya hata kukuuliza hali.

Barua yako niliisomea kazini, nikaenda kujifungia chooni mpaka daktari akaja kugonga. Nisamehe. Lakini na mimi niache niseme, maana nisiposema leo sitasema tena.

Shangazi aliniambia nikiwa na miaka kumi na mitatu, akaniapisha nisikuulize. Kabla ya hapo, kwa miaka minne mizima, nilichokijua ni kwamba mama yangu aliondoka asubuhi moja bila kuniaga. Nilidhani ni kwa sababu nilivunja taa ya cherehani yako. Nilikuwa na miaka tisa, mama! Niliificha ile taa chini ya kitanda cha shangazi nikiomba ijiunge yenyewe, ili urudi. Ukarudi, ukakaa kwenye cherehani kama vile umetoka sokoni, na hakuna mtu aliyeniambia, "Si wewe."

Fomu inauliza kwa nini unataka kusoma hiki. Ningejibu nini, kwamba napenda watu? Wote wanaoomba wanapenda watu.

Kuhusu kazi yako, hapo sina cha kujitetea. Nilimwona kama mwalimu wangu, nikasahau kabisa kuwa ni mteja wako. Ukitaka, zichane. Nitaomba mwakani, na nitatunga uongo mzuri kama ninyi.

Mwanao

27 Mei

Kifungo,

Marahaba. Hasira zako nimezipata, zimefika salama.

Nimeipeleka. Kilichonipeleka ni ile taa. Habari ya taa sikuijua hata siku moja. Ilikuwa imeshakufa wewe mtoto, balbu iliungua wiki nzima kabla hujaigusa, nilikuwa nashonea dirishani. Ungeniuliza ningekuambia. Ila najua, hukuwa na wa kumuuliza.

Mwalimu alizisoma mbele yangu, nami nimesimama na furushi la sketi kichwani. Anasoma kidogo, ananitazama, anarudi kwenye karatasi. Alipomaliza akaanza kusema nami polepole na kwa sauti kubwa, utadhani mimi kiziwi. "Pole sana, mama. Keti, keti." Miaka yote ninayompelekea sare hajawahi kuniambia keti. Barua yako ameiandika na kuituma palepale, kwa hiyo hilo limekwisha.

Ila kabla ya kupeleka nilikusahihisha kwa kalamu nyekundu. Umeandika nilikaa wodini "kama siku arobaini". Nilikaa sitini na moja. Ukiamua kuniuza, basi niuze kwa kipimo sahihi.

Kuna na jingine. Umeandika kuwa wakati huo "mama hakukumbuka kama ana mtoto", na kwamba gauni la kufungulia shule ulinunuliwa na shangazi. Lile la bluu, la mifuko miwili? Nililishona mimi, nimekaa kitandani wodini. Muuguzi alikuwa ananipa sindano moja, anakaa pembeni mpaka nichoke, halafu anaichukua. Futi ya kupimia hawakuniruhusu. Nilikukadiria kwa shubiri, nikaongeza vidole viwili, maana nilijua nitakapokuona utakuwa umekua. Shangazi akalileta akakuambia ni la dukani. Lile gauni halikuwa na hata mshono mmoja wa cherehani, na wewe mtoto wa fundi hukuona.

Hilo sikuligusa kwa kalamu. Halimhusu Mwalimu.

Mama yako

22 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Mwezi wa sita nimekuandikia mara mbili hukujibu, na simu hupokei. Shangazi anasema u mzima, unakula, basi nimeshukuru.

Mama, nimepata! Tunaanza tarehe 8 Septemba. Wameshatuita kwenye wiki mbili za maandalizi, na orodha ya vitabu ni ndefu kuliko mimi. Tumefundishwa kuwa mtu aliyeumizwa akinyamaza asisukumwe, apewe nafasi. Basi nimekupa nafasi, ndiyo maana sikuja.

Lile gauni nimemuuliza shangazi. Aliligawa zamani. Nilikaa chini sakafuni kwake nikalia, akanitengenezea chai.

Najua huu ni msimu wa sare na umefunikwa na rundo la kaptula, lakini naomba unishonee sketi moja ya kuanzia masomo. Nyeusi, ya heshima. Jingine: wiki ya kwanza kila mwanafunzi atasimama mbele ya wenzake amzungumzie mtu mmoja aliyemfanya achague fani hii. Safari hii naomba ruhusa kwanza.

Mwanao,
Kifungo

5 Agosti

Kwa mwanangu msomi,

Marahaba, na hongera. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Ila zile nafasi unazonipa zinatosha jamani, mpaka meza ya kukatia ina nafasi.

Rundo la kaptula halipo. Mwezi wa sita Mwalimu Mkuu aliniita, akaniambia sare za mwaka huu amempa fundi mwingine, ili mimi nipumzike, nisijichoshe kichwa. Alisema kwa upole sana, na mkono akanipa. Wiki ile ile mama mmoja akaja kuchukua kitambaa chake hakijakatwa. Mwingine alinitazama nilivyoshika mkasi, akakumbuka ana haraka. Amemwambia nani, na nani amemwambia nani, sijauliza. Nikiuliza watasema nimeanza tena.

Usijilize huko kwamba hukujua. Mimi nilijua. Nilijua tangu nikiwa mlangoni kwake na furushi kichwani, na nikaingia kwa miguu yangu. Wewe ulikaa miaka minne na taa chini ya kitanda, nikaona zamu ni yangu. Lakini inauma, mwanangu. Nakuambia ili usije ukasoma vitabu vyote hivyo ukadhani haikuuma.

Usije sasa hivi. Sijawa tayari kutazamwa.

Sketi yako imo humu. Vipimo sikuhitaji. Nimeishona yote kwa mkono, muda ninao. Safari hii igeuze uangalie mishono.

Na ile ruhusa. Umechelewa kuiomba, lakini umeomba, kwa hiyo nakujibu. Ukisimama mbele yao, mtaje mtu mwingine. Ukimkosa kabisa, waambie mama yako ni fundi, halafu keti.

Mama yako